Nyonga ya bandia kwa kijana: miezi ya kwanza nyumbani ndiyo inaamua

KPANDROMA (Ituri) – Watu wengi wanafikiri kubadilishwa nyonga ni mambo ya wazee tu. Lakini hata mtu wa miaka 25 ama 35 anaweza kufika pale ambapo nyonga yake imeharibika kabisa, hawezi tena kulima, kubeba mtoto ama kulala usiku, na munganga anamwambia inafaa kuweka nyonga ya bandia.

Operesheni yenyewe inachukua saa moja ama mbili hivi. Kupona kunachukua miezi. Na kwa mtu anayerudi katika milima ya Djugu, kwenye choo cha kuchuchumaa, kiti kifupi cha jikoni, pikipiki na shamba, miezi mitatu ya kwanza nyumbani ndiyo inaamua kama nyonga mpya itakaa vizuri ama itatoka mahali pake. Makala hii inaeleza kile mgonjwa na jamaa yake wanapaswa kujua mbele ya kuuza ng'ombe ama kipande cha shamba ili kulipia operesheni hiyo.

Wanabadilisha nini?

Nyonga ni pale paja linashikana na kiuno. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo kama mpira mdogo, na kinazunguka ndani ya shimo la mfupa wa kiuno, shimo lenye umbo la bakuli. Katikati kuna nyama laini na nyeupe inayofanya mifupa isisuguane. Ile nyama ikiisha, ama kile kichwa cha mfupa kikifa na kubonyea, kila hatua inakuwa maumivu.

Katika operesheni, munganga anakata kichwa kilichoharibika. Anaingiza chuma ndani ya mfupa wa paja, na juu yake anaweka kichwa kipya cha chuma ama cha seramiki. Upande wa kiuno anaweka bakuli mpya, ambayo mara mingi ndani yake kuna plastiki ngumu. Vipande hivyo vinaweza kushikwa na sementi ya kiganga, ama mfupa wenyewe unamea na kuvishika.

Namna hii ya kubadilisha nyonga ilipata nguvu Uingereza. Mwezi wa 11 mwaka wa 1962, munganga John Charnley, katika lopitali ya Wrightington, alianza kutumia bakuli ya plastiki ngumu pamoja na kichwa kidogo cha chuma. Wakati ule ilipangwa zaidi kwa wazee, kwa sababu plastiki inasuguliwa na kuisha pole pole, na mzee hatembei miaka mingi juu yake. Kwa kijana hesabu ni nyingine: yeye ana miaka 40 ama 50 mbele yake, na anafanya kazi ya nguvu.

Juu ya nini nyonga ya kijana inaharibika?

Kwa wazee, sababu kubwa ni kuchakaa kwa kiungo. Kwa vijana, sababu ni nyingine, na nyingi zinapatikana hapa kwetu.

Ya kwanza ni drepanositozi, ugonjwa wa damu ambao watu wengi wanauita SS. Chembe za damu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Kichwa cha mfupa wa paja kinapata damu kwa mishipa midogo sana. Ikizibwa, mfupa unakufa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka wa 1991, juu ya wagonjwa zaidi ya 2500, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya 10 alikuwa tayari na mfupa wa nyonga uliokufa. Katika nchi yetu ugonjwa huu si wa watu wachache: kule Kinshasa, uchunguzi wa watoto wachanga zaidi ya 31 000, uliotolewa mwaka wa 2009, ulikuta watoto 14 kati ya 1000 wako na SS, na karibu 17 kati ya 100 wanabeba alama yake bila kuugua.

Ya pili ni ajali, zaidi ile ya pikipiki. Shingo ya mfupa wa paja ikivunjika, ama nyonga ikitoka mahali pake na kukawia kurudishwa, damu inakatika na mfupa unaweza kufa miezi ama miaka kisha ajali.

Ya tatu ni dawa za aina ya deksametazoni na prednizoloni. Dawa hizi zinaokoa maisha zikitolewa na munganga. Lakini kuna watu wanazinunua wenyewe ili wanenepe ama kupunguza maumivu, na wanazimeza muda mrefu. Pombe kali ya kila siku pia inaweza kuua mfupa wa nyonga.

Tena kuna waliougua usaha ama kifua kikuu cha nyonga wakiwa watoto, waliozaliwa na nyonga isiyokaa vizuri, na watu wenye virusi vya UKIMWI, ambao mfupa wao unaweza kufa zaidi kuliko wa wengine.

Alama ya kwanza inadanganya watu wengi. Maumivu yanakuwa ndani ya kinena, ama yanateremka mpaka gotini. Mtu anapakwa dawa ya goti miezi mingi, kumbe ugonjwa uko juu. Kijana anayechechemea, ambaye hawezi kupanua miguu ama kufunga viatu bila maumivu, inafaa apigwe picha ya nyonga. Na kama picha ya kawaida iko safi lakini maumivu yanaendelea, arudi tena: mwanzoni mfupa uliokufa hauonekani katika picha ya kawaida.

Mbele ya kukubali

Kwa kijana, kubadilisha nyonga si dawa ya kwanza. Kama mfupa haujabonyea, wanganga wanaweza kujaribu kumpumzisha kwa magongo, kutoboa mfupa ili kupunguza mgandamizo ndani yake, ama kuukata na kuugeuza ili uzito uangukie sehemu nzima. Mtu anayeambiwa moja kwa moja "tukate" iko haki yake kuuliza kama kuna njia nyingine.

Lakini kungojea sana pia kuna bei yake. Miaka mitano ya kuchechemea inaharibu mgongo na goti, misuli ya paja inakauka, na kisha operesheni kupona kunakuwa kugumu zaidi. Ikifika pale mtu halali usiku, hafanyi kazi, na dawa za maumivu zinamharibu tumbo, wanganga wengi hawaangalii tena miaka yake tu. Wanaangalia maisha yake.

Operesheni hii haifanywe kila mahali. Inaomba chumba kisafi sana, munganga wa mifupa aliyezoea kazi hiyo, damu ya akiba na vipande vya saizi mbalimbali. Kutoka Ituri, watu wanaoitafuta wanaelekea mara mingi miji mikubwa ya nchi ama Kampala, Uganda. Tanzania, inafanyika katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, kule Dar es Salaam. Malawi, nchi isiyo tajiri, ilianza mwaka wa 2005 kuandika katika daftari moja la taifa watu waliobadilishwa viungo, na ndani yake kuna pia watu wenye virusi vya UKIMWI waliopona vizuri. Kwa hiyo si kweli kwamba operesheni hii ni ya wazungu peke yao.

Bei inaweza kufika maelfu ya dola. Mbele ya kulipa, jamaa waulize maswali haya: Munganga huyu anafanya operesheni ngapi za nyonga kwa mwaka? Anapitia upande gani wa nyonga? Bei inahesabu pia vipande, damu, dawa na mazoezi? Kama jeraha linatoa usaha kisha wiki mbili, tutarudi kwa nani? Tena wahesabu mambo ambayo hayaandikwe katika karatasi ya lopitali: magongo, chakula cha mlinzi wa mgonjwa, chumba cha kukaa karibu na lopitali, gari la kurudi.

Wiki chache mbele ya operesheni, mgonjwa atengeneze meno yaliyooza, aponeshe vidonda vya miguu na ugonjwa wa mkojo, aache sigara, apimwe damu. Mikrobi ya jino moja inaweza kupita katika damu na kwenda kukaa kwenye chuma. Na aanze kujifunza kutembea na magongo mapema, maana kujifunza wakati wa maumivu ni vigumu.

Kwa mgonjwa wa SS

Mgonjwa wa SS anapona kama wengine, lakini hatari ni nyingi zaidi. Mfupa wake ni mgumu kufungua, mikrobi inamshambulia kwa urahisi, na operesheni inaweza kuleta shambulio la maumivu ama la kifua. Kwa hiyo wanganga wanaweza kumwongezea damu mbele. Wakati wote anapaswa kupata maji ya kutosha, oksijeni, na joto. Baridi ya usiku katika milima yetu haimfai: blanketi, soksi na maji ya moto ni sehemu ya dawa yake. Aendelee na dawa zake za kila siku, na asifiche ugonjwa wake kwa haya. Munganga asiyejua hawezi kumkinga.

Siku za kwanza lopitalini

Wengi wanashangaa: siku ile ile ama kesho yake, wanamsimamisha mgonjwa. Si ukatili. Kulala muda mrefu kunagandisha damu katika mishipa ya mguu, na donge hilo likipanda mpaka kwenye mapafu linaweza kuua. Njo maana mgonjwa anapewa pia dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo mara mingi inaendelea wiki nne ama tano. Isikatwe kwa sababu tu mtu anajisikia vizuri.

Mtaalamu wa mazoezi, yule watu wanaita kinezi, anafundisha mambo matatu: namna ya kutoka kitandani, namna ya kutembea na magongo, na namna ya kupanda ngazi. Kwa ngazi kuna sheria rahisi: ukipanda, mguu mzima unatangulia, ukishuka, magongo na mguu wa operesheni vinatangulia. Hata kizingiti cha mlango ni ngazi.

Mbele ya kutoka, mgonjwa aombe karatasi yenye jina la operesheni, tarehe, na aina na saizi ya vipande vilivyowekwa, pamoja na picha ya nyonga mpya. Aviweke katika plastiki pamoja na kadi yake ya uchaguzi. Kisha miaka 15, munganga mwingine atakapofungua mguu huo, karatasi hiyo itamwonyesha chombo gani cha kutumia.

Njia ya kurudi

Hapa watu wengi wanajiharibia. Wanatoka lopitalini siku ya nne, wanapanda pikipiki, sababu ni ya bei rahisi. Pikipiki katika wiki za kwanza ni hatari mara tatu: mtu anarusha mguu juu ili kupanda, mashimo ya barabara yanatikisa nyonga ambayo misuli yake haijashikana, na akianguka, mfupa unaweza kupasuka pembeni ya chuma.

Anayetoka mbali, kwa mfano Kampala kupitia mpaka wa Mahagi, ni bora akae kwanza karibu na lopitali mpaka nyuzi za jeraha zitolewe, kati ya siku ya 10 na ya 14. Kisha asafiri katika gari, kiti cha mbele kikisukumwa nyuma na kulazwa kidogo. Aweke mto ili kiti kiwe juu, na mfuko laini wa plastiki juu ya mto ili ageuke pamoja na miguu yote miwili bila kupinda kiuno. Kila saa moja gari lisimame, ashuke, atembee kidogo. Hata kama njia haina usalama na dereva anaharakisha, apange naye jambo hili mbele ya kuondoka, mahali pa kusimama pakijulikana.

Kwa uangalizi wa jeraha, si lazima kurudi mbali kila mara. Mtu wa Kpandroma anaweza kuonyesha jeraha lake Rethy, karibu na nyumbani, akiwa na karatasi za operesheni mkononi. Lakini ikionekana alama ya hatari, munganga aliyepasua apigiwe simu siku ile ile.

Nyumba itengenezwe mbele

Nyonga mpya inaweza kutoka mahali pake, na mara mingi inatoka katika miezi mitatu ya kwanza. Kama munganga alipitia nyuma ya nyonga, atakataza mambo matatu: kupinda nyonga mpaka goti lipande juu ya kiuno, kukunja mguu juu ya mwingine, na kugeuza mguu wa operesheni kwa ndani. Kama alipitia mbele, makatazo yanaweza kuwa mengine ama machache. Siku hizi kuna wanganga wanaoruhusu mengi. Mgonjwa afuate yale aliyoambiwa na munganga wake, si yale ya jirani.

Sasa tuangalie nyumba ya kawaida ya huku kwetu.

Choo. Kuchuchumaa ni kile kile kilichokatazwa. Fundi wa mbao anaweza kutoboa kiti kigumu na kukisimamisha juu ya shimo la choo, chenye mikono ya kujishikilia pembeni. Hata kiti cha plastiki kinaweza kutumika, lakini kifungwe kisiteleze. Usiku atumie ndoo yenye kiti hicho ndani ya nyumba, sababu kutembea gizani kwenye matope na magongo ni kutafuta kuanguka.

Kiti. Kile kiti kifupi cha jikoni kisahauliwe kwa miezi mitatu. Kiti kizuri ni kile ambacho mtu akikaa, kiuno kiko juu kidogo ya magoti. Kanisani, kwenye mkutano na kwenye matanga, asikae chini kwenye mkeka. Aombe kiti, na jamaa wamsaidie kuomba, ili watu wasifikiri ni kiburi. Anayeswali anaweza kuswali akiwa amekaa juu ya kiti.

Kitanda. Kama ni kifupi, kiinuliwe kwa matofali chini ya kila mguu. Mgonjwa alale chali, ama kwa upande ulioruhusiwa, na mto kati ya magoti.

Jikoni. Mbabula iwekwe juu ya meza imara ama ya matofali ili mama asiiname. Vyombo viwekwe kwenye urefu wa kifua. Kuchota maji, kubeba bidoni ya litre 20 na kuni ni kazi ya wengine kwa miezi mitatu, na jamaa wapange mapema ni nani.

Chini. Watoto wafundishwe kuokota vitu njiani. Mbuzi na kuku wasiingie ndani. Mipira ya chini ya magongo iangaliwe kila wiki, sababu udongo wetu wakati wa mvua unateleza, na mpira uliokwisha hauna kazi. Kuvaa viatu, atumie fimbo ndefu ama msaada wa mtu. Sandali zisizoshika kisigino zinaangusha.

Wiki sita, miezi mitatu, mwaka mmoja

Kila mtu anapona kwa mwendo wake, lakini njia ya kawaida iko hivi.

Wiki sita za kwanza: magongo mawili, matembezi mafupi mara mingi kwa siku, mazoezi madogo ya kukaza misuli ya tako na ya paja. Kuvimba kwa mguu jioni ni kawaida kama kunapungua asubuhi. Wengi wanajisikia vizuri wiki ya tatu na kutupa magongo. Maumivu yameisha, lakini misuli haijashikana. Hapo ndipo wengine wanaanguka.

Kutoka wiki ya 6 mpaka ya 12: kisha munganga kuangalia picha, mtu anabaki na gongo moja, upande wa mguu mzima, si upande wa operesheni. Anaongeza njia ya kutembea pole pole, kwanza sehemu za tambarare.

Kisha miezi mitatu: wengi wanarudia kazi nyepesi, kuuza sokoni, kufundisha, kushona. Nguvu kamili ya misuli inaweza kuomba miezi 6 mpaka 12. Kijana aliyechechemea miaka mingi anapaswa kujifunza upya kutembea sawa, na bila mazoezi ataendelea kuchechemea juu ya nyonga nzima.

Shamba, machimbo, mpira

Swali la kijana ni moja: nitalima tena? Wengi wanalima, lakini kwa namna nyingine. Jembe liwe na mti mrefu. Viazi na maharagi vinaweza kupaliliwa mtu akiwa ameweka goti moja chini juu ya gunia, kama munganga ameruhusu, badala ya kuinama siku nzima. Gunia la kilo 100 si lake tena. Kazi ya kushuka katika mashimo ya dhahabu na kubeba mawe haipatane na nyonga ya bandia. Motari anayeishi kwa pikipiki aongee na munganga mbele, na afikiri mapema kazi gani nyingine anaweza kujifunza.

Kutembea, kuogelea na baiskeli ya tambarare ni mazoezi mazuri. Mpira wa miguu, wenye kugongana na kugeuka ghafula, wanganga wengi hawaukubali.

Watu wanaotumia intaneti wanataja Andy Murray, mchezaji wa tenisi wa Uingereza. Kweli, alipasuliwa nyonga mwezi wa kwanza 2019 akiwa na miaka 31, na mwezi wa 10 mwaka ule ule alishinda mashindano ya Antwerp, Ubelgiji. Lakini operesheni yake ilikuwa ya kufunika kichwa cha mfupa kwa chuma, si kukikata chote, na alikuwa na wataalamu wa mazoezi kila siku. Mfano wake unaonyesha kwamba kijana anaweza kurudi kwenye maisha. Hauonyeshi kwamba kila mtu arudie uwanjani kisha miezi mitano.

Ndoa na mimba

Mambo haya watu wanaona haya kuyauliza. Mume na mke wanaweza kulala pamoja tena, wengi kisha wiki sita hivi, kama jeraha limepona na munganga amekubali. Mwenye operesheni akae kwa namna isiyopinda nyonga sana, mara mingi chali, mto ukiwa chini ya paja.

Mwanamke mwenye nyonga ya bandia anaweza kubeba mimba na kuzaa kwa njia ya kawaida. Amwambie mkunga mapema, ili miguu yake isivutwe kwa nguvu wakati wa kuzaa. Nyonga ya bandia peke yake si sababu ya kumkataa msichana katika ndoa.

Inadumu miaka ngapi?

Utafiti uliotolewa mwaka wa 2019 katika gazeti la kiganga The Lancet uliangalia watu wengi wa Australia na Finland. Kati ya nyonga 100, karibu 89 zilikuwa bado zinatumika kisha miaka 15, karibu 70 kisha miaka 20, na karibu 58 kisha miaka 25. Lakini wengi wao walikuwa watu wazima sana. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka wa 2017, ulionyesha kwamba mwenye zaidi ya miaka 70 ana nafasi ya karibu 5 kwa 100 ya kupasuliwa tena maishani, lakini mwanaume aliyebadilishwa akiwa mwanzoni mwa miaka ya 50 anaweza kufika 35 kwa 100.

Kwa hiyo mwenye miaka 28 ajue: inawezekana sana siku moja atapasuliwa tena, na operesheni ya pili ni ngumu na ya bei kubwa kuliko ya kwanza. Kila mwaka anaoupata kwa kulinda mwili wake, kutoongeza uzito, na kutobeba mizigo mizito, ni mwaka anaosogeza mbele operesheni ile ya pili. Hata bila maumivu, apige picha ya nyonga kila baada ya miaka kadhaa, maana plastiki inaweza kuisha kimya kimya.

Alama za kukimbilia lopitali

Mgonjwa asingojee kesho kama anaona moja ya hizi:

– Maumivu makali ya ghafula, mguu umekuwa mfupi ama umegeuka, hawezi kusimama: nyonga imetoka ama mfupa umevunjika. Mtu yeyote asiuvute.
– Jeraha linatoa maji ama usaha, limekuwa jekundu na la moto, ama homa haiishi. Kumeza antibiotiki za dukani kunaficha ugonjwa na kupoteza wakati ambapo chuma bado kinaweza kuokolewa.
– Mguu wa chini umevimba na kuuma upande mmoja.
– Kifua kinauma, pumzi inakata, ama anakohoa damu: hii ni hatari ya saa ile ile.
– Hata kisha miaka mingi: maumivu mapya ya kinena ama ya paja, zaidi kama yamekuja kisha kidonda, jino, ama homa ya matumbo.

Kukandwa kwa maji ya moto, kuvutwa na wanaounga mifupa, na kuchanjwa juu ya nyonga, vyote vikatazwe. Sindano zikihitajika, muuguzi azipige mkononi ama upande mwingine. Mgonjwa akipata homa ya malaria ama kidonda cha mguu, aponeshwe upesi, na kila anapofika kituo cha afya aanze kwa kusema: "Niko na chuma katika nyonga."

Kazi ya jamaa

Kijana anayetembea na magongo anasikia mengi. Wengine wanamwambia anajifanya mgonjwa ili asilime; wengine wanasema ni ulozi. Wengi wanavunjika roho mwezi wa pili, wakati wageni wameacha kuja na kazi bado haijarudi. Hapo jamaa wanahitajika kuliko siku ya operesheni: kumtembeza asubuhi, kuhesabu dawa zake, kumkataza bidoni ya maji, kumpeleka kwenye tarehe ya uangalizi.

Kwa hiyo pesa zikikusanywa, zisiishe zote mlangoni mwa lopitali. Sehemu ibaki kwa gari la kurudi, kwa kiti cha choo, kwa magongo mazuri, na kwa chakula cha miezi mitatu ambayo mtu huyo hatafanya kazi. Kama sehemu hiyo haipatikane bado, ni bora jamaa wakae tena, wapange, na wamuulize munganga kama operesheni inaweza kungojea mpaka nyumba iwe tayari.